Transfoma ya Sauti ya Kuokota kwenye Amplifaya ya Valvu: Mwongozo Kamili

Malalamiko ninayoletewa ni yaleyale. Mtu amejenga amplifaya ya valvu (zile chupa za kioo za redio za zamani), nyuzi za ndani ya kioo zinawaka vizuri, umeme upo, lakini sauti inatoka kama ya mtu anayehutubia akiwa ndani ya pipa. Mwingine alifurahia muziki wiki mbili, kisha moshi. Nikiuliza transfoma ya sauti, ile inayokaa kati ya valvu na spika, imetoka wapi, naambiwa "kwenye redio ya mbao ya marehemu babu" au "kwenye spika ya tarumbeta iliyokufa". Nikiuliza ni ya ohmu ngapi, kimya.

Mikono yao haina kosa. Kilichokosewa ni mpangilio wa kazi. Wanaanza na mchoro, wananunua valvu, halafu wanazunguka Dodoma nzima wakitafuta transfoma ya kulingana na mchoro. Transfoma mpya unaweza kuiagiza kwa ohmu unazotaka. Ya kuokota haiagizwi, inapokelewa kama ilivyo. Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyumenyume: transfoma kwanza, vipimo vyake pili, valvu na spika mwisho.

Kabla ya kugusa chochote. Amplifaya hii inabeba volti 250 hadi 350 za umeme mnyoofu (DC), ambao hapa nitauita umeme mkubwa, na kapasita huendelea kuzishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Umeme huo unaua. Kama hujawahi kufungua kifaa cha volti kubwa, fanya kazi na fundi aliyezoea, usifanye peke yako usiku sebuleni.

## Vifaa

- Transfoma za sauti za kuchunguza, afadhali mbili au tatu. Kwa stereo unahitaji mbili zilizotoka kwenye redio za aina moja.
- Mita yenye kipimo cha volti 2 za AC (umeme unaogeuka-geuka kama wa ukutani). Hili nitalirudia, maana ndilo linaloangusha wengi.
- Transfoma ndogo ya umeme ya volti 24 AC, au ile ya 12-0-12 ukitumia waya zake mbili za pembeni.
- Balbu ya zamani ya waya, wati 60, pamoja na soketi yake. Balbu ya LED haifai kabisa.
- Rezista ya ohmu 8 au 4, wati 10, ya kusimama badala ya spika.
- Rezista ya kilo-ohmu 220, wati 2, ya kumaliza umeme wa kapasita.
- Kapasita za umeme mkubwa, volti 400 au zaidi. TV za chogo zilizokufa zinazo nyingi, lakini zipime kwanza.
- Pasi ya kuchomelea, risasi, plaizi, bisibisi, kalamu ya wino usiofutika.
- Fyuzi na kishikio chake. Usiruke hili ati kwa sababu kwenye redio ya zamani hukuiona.

## Hatua ya 1: Kuitoa bila kuiua

Transfoma hizi ziko sehemu mbili: kwa wazee, na kwa wauza chuma chakavu. Kwa muuza chuma chakavu unashindana na nyundo, kwa sababu yeye anataka shaba na shaba inauzwa kwa kilo. Mwambie mapema kwamba utalipa bei ya kilo na zaidi kidogo, kwa sharti asiipasue. Kwa wazee unahitaji subira. Redio yangu nzuri kuliko zote niliipata kwa mzee mmoja upande wa Kongwa, ambaye kwanza alinikalisha nikasikiliza habari za kila mwaka redio ile ilipokuwa nzima, ndipo akasema, "Haya mjukuu wangu, ichukue, lakini spika niachie."

Nikaiacha spika. Baadaye nilijuta, na sababu utaiona kwenye hatua ya 4.

Soma majina ya valvu kabla ya kukata waya wowote. Valvu zinazoanza na E, kama EL84, ECL82 au EL41, hutumia volti 6.3 kwenye nyuzi, na redio zake kwa kawaida zina transfoma ya umeme. Zinazoanza na U, kama UL84 au UCL82, nyuzi zake zimefungwa kwa mfululizo, na mara nyingi chasi imeunganishwa moja kwa moja na waya wa umeme wa ukutani. Redio ya aina hiyo usiiwashe ikiwa wazi. Chukua transfoma yake ya sauti, usiige mfumo wake wa umeme.

Piga picha. Kisha fuata waya hizi na uziandike: ipi inakwenda kwenye anodi (bamba la nje ndani ya kioo) ya valvu ya mwisho, ile inayoendesha spika, ipi inakwenda kwenye umeme mkubwa, zipi zinakwenda kwenye spika. Usiamini rangi, kila kiwanda kilikuwa na zake.

Kata waya mbali na transfoma, ukiacha urefu wa kidole au zaidi. Waya mwembamba unaotoka ndani ya koili haushiki kuvutwa. Redio zilizokaa huku kwetu kwenye ukame zina bahati moja: shaba yake haijaota ukijani kama ya redio za pwani. Lakini ukame nao una deni lake. Raba ya waya imekuwa ngumu na inapukutika ukiikunja. Vika kila waya mrija mpya wa plastiki kabla haujavunjika.

Ulivyofaulu: transfoma mkononi, waya zote ndefu, kila moja ina jina.

## Hatua ya 2: Ukinzani wa shaba

Upande unaokwenda kwenye valvu tuuite praimari, na unaokwenda kwenye spika sekondari. (Hatuzungumzii shule.)

Weka mita kwenye ohmu. Praimari ya redio ya valvu moja ya mwisho huwa na ohmu 300 hadi 600 hivi. Sekondari huwa chini ya ohmu 1, na mita ya kawaida itakuonyesha zaidi ukinzani wa waya zake yenyewe, kwa hiyo usihangaike nayo ilimradi inapitisha.

Praimari isipoonyesha chochote, imekatika. Hiki ndicho kifo cha kawaida cha transfoma hizi. Kabla ya kuitupa, funua karatasi ya juu kwa uangalifu: mara nyingine waya umekatika pale tu unapoungana na mguu wa nje, na tone la risasi linaufufua. Ukiwa umekatikia ndani, mrudishie muuza shaba wako.

Sasa hesabu waya za praimari. Mbili maana yake transfoma ya valvu moja. Tatu, wengi hurukia kusema ni ya valvu mbili zinazopokezana, ile mafundi huita pushi-puli. Si lazima. Baadhi ya redio za Ulaya ziliweka waya wa tatu kwenye praimari ya valvu moja ili kuua muungurumo wa umeme. Tofauti unaiona kwenye mita. Ukipima kutoka waya wa kati kwenda kila upande:

Pande zikikaribiana, kwa mfano 150 na 175, ni pushi-puli. Usiogope tofauti hiyo ndogo, kwa sababu mizunguko ya nje ya koili ni mipana na inakula waya mrefu zaidi kwa idadi ileile.

Pande zikitofautiana sana, kwa mfano 400 na 30, ni ya valvu moja yenye kiua muungurumo. Umeme mkubwa unaingia kwenye waya wa kati, anodi inakaa upande mkubwa, na upande mdogo unapeleka umeme kwenye sakiti nyingine kupitia rezista, kama ulivyoukuta kwenye redio. Hapa ile picha uliyopiga inakulipa.

## Hatua ya 3: Soma chuma

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliangukia, na ndipo inapozaliwa ile sauti ya pipa.

Valvu ikiwa moja, mkondo mnyoofu wa miliampea 40 au 50 unapita kwenye praimari wakati wote, hata muziki ukiwa kimya. Mkondo huo unasumaku chuma upande mmoja. Chuma kikishajaa sumaku hakina nafasi ya kubeba sauti, na besi ndiyo inayokufa kwanza. Ndiyo maana transfoma ya valvu moja hujengwa na mwanya: mabati yote yenye umbo la E yamepangwa upande mmoja, yale ya umbo la I upande wa pili, na katikati kuna karatasi nyembamba.

Transfoma ya pushi-puli haihitaji mwanya. Valvu zake mbili zinavuta pande tofauti, na mikondo yao inabatilishana. Mabati yake yamefumwa: E moja kutoka kushoto, inayofuata kutoka kulia.

Geuza transfoma kwenye mwanga, safisha vumbi, tazama ubavuni. Ukiona mstari mmoja mnyoofu unaokata rundo lote la mabati, pengine na ukingo wa karatasi ya kahawia, kuna mwanya. Ukiona viungo vinabadilishana kushoto na kulia kama matofali ya ukuta, hakuna.

Mimi niliwahi kuchukua transfoma ya spika ya tarumbeta, chuma kikubwa cha kupendeza, nikaifunga kwenye EL84 moja. Nilijiaminisha kwamba chuma kikubwa hakikosi besi. Jioni nzima nilibadilisha kapasita nikidhani ndizo mbovu. Chuma kilikuwa hakina mwanya, na hakuna kapasita inayotibu hilo.

Lakini transfoma za tarumbeta usizitupe. Zina siri ambayo watu wachache huitumia.

### Siri ya transfoma ya tarumbeta

Nyingi zimeandikwa volti 100, zikiwa na miguu ya wati: 10, 5, 2.5, 1.25. Impidensi (ukinzani dhidi ya umeme wa sauti, nao hupimwa kwa ohmu) ya kila mguu ni volti mara volti, gawa kwa wati. Volti 100 mara 100 ni 10,000. Kwa hiyo mguu wa wati 10 ni ohmu 1,000, wa 5 ni 2,000, wa 2.5 ni 4,000, wa 1.25 ni 8,000. Hizi ni sahihi pale tu sekondari inapobeba spika ya ohmu zilizoandikwa.

Angalia 2,000 na 8,000. Ni mara nne. Impidensi huenda kwa mraba wa mizunguko, na mara nne ya impidensi ni mara mbili ya mizunguko. Maana yake mguu wa wati 5 uko katikati kabisa ya koili inayoishia kwenye mguu wa 1.25. Umepata praimari ya pushi-puli ya ohmu 8,000 yenye waya wa kati, bila kuzungusha koili hata moja! EL84 mbili zinataka karibu 8,000. Umeme mkubwa unaingia mguu wa 5, anodi moja kwenye waya wa pamoja, ya pili kwenye mguu wa 1.25. Wati za juu zaidi zilizoandikwa kwenye transfoma ndizo mpaka wako.

Onyo: zilitengenezwa kwa volti 100, si 300. Hatua ya 5 kwake ni ya lazima.

## Hatua ya 4: Uwiano wa mizunguko

Unapeleka volti ndogo za AC kwenye praimari, unapima zinazotoka sekondari, unagawa. Jibu ukilizidisha kwa lenyewe, kisha kwa ohmu za spika, umepata impidensi ambayo valvu itaiona.

Peleka kwenye praimari tu. Ukipeleka volti 12 kwenye sekondari ya transfoma ya uwiano wa 30, upande wa pili zinatoka volti 360. Nimeona mtu akirushwa kutoka kwenye kiti kwa transfoma ndogo ya chaja.

Huu ni mfano wa transfoma iliyo mezani kwangu. Nilipeleka volti 24.6, nikapata 0.72.

24.6 gawa kwa 0.72 ni 34.2. Mara 34.2 tena ni karibu 1,170. Kwa spika ya ohmu 4: karibu 4,700. Kwa spika ya ohmu 8: karibu 9,350.

Sasa ona mtego. Mita zile ndogo za njano za bei rahisi, kipimo chake cha chini kabisa cha AC ni volti 200, na hatua yake ni 0.1. Mwenye mita hiyo na transfoma ya volti 12 angepeleka 12.3, sekondari ingetoa 0.36, na mita ingeandika 0.4. Kwa hesabu yake uwiano ni 30.75 na impidensi ni 3,800 badala ya 4,700. Anatafuta valvu ya 3,800, hapati, anakata tamaa na transfoma nzima. Kama huna mita nzuri, azima. Kwa mafundi wa simu haikosekani. Ukishindwa kabisa, tumia volti 24 badala ya 12, kosa litapungua kwa nusu.

Volti za praimari zipime waya zikiwa zimeunganishwa, wala usisome namba iliyoandikwa kwenye transfoma ya umeme. Iliyoandikwa 24 inaweza kutoa 27 ikiwa haina mzigo.

Na sasa kuhusu ile spika ya mzee wa Kongwa. Transfoma haina ohmu zake yenyewe, ina uwiano tu, na spika ndiyo inayoipa ohmu. Ningeichukua spika ningejua kwa kutazama mgongo wake kama kiwanda kilikusudia 3, 4 au 5. Nilibaki kukisia. Spika ya asili ikiwepo, hata ikiwa imechanika, isome kabla ya kuiacha.

Ulivyofaulu: ukirudia kipimo mara tatu, namba ya uwiano haitofautiani kwa zaidi ya moja au mbili.

## Hatua ya 5: Je, umeme unavuja?

Tunataka kujua kama praimari imejitenga na chuma na kujitenga na sekondari. Mita ya kawaida kwenye ohmu milioni 20 isionyeshe chochote, lakini hilo ni jaribio dhaifu, maana inapima kwa volti chache wakati transfoma itabeba mia kadhaa. Mafundi wa kufunga nyaya za nyumba wana kifaa cha mega cha volti 500. Mpe soda, akupimie. Praimari kwa chuma, praimari kwa sekondari. Chini ya mega-ohmu 10, weka pembeni.

Kama transfoma ililowa, ianike juani siku mbili tatu ukaipime tena. Jua la Dodoma la Oktoba linatosha, usiweke kwenye jiko.

## Hatua ya 6: Acha transfoma ichague valvu

Kwa valvu moja ya mwisho, impidensi zinazofaa ni takriban hizi:

- EL84: 5,200
- 6V6 au EL90: 5,000
- ECL82: 5,600
- ECL86 na EL41: 7,000
- UL84: karibu 2,500

Ukikosea kwa asilimia 20 juu au chini, sikio halitalalamika. Transfoma yangu ya 4,700 kwa spika ya ohmu 4, ukijumlisha na ukinzani wa shaba yenyewe, inavuka 5,000 na inakaa sawasawa na EL84 au 6V6. Ningeilazimishia spika ya ohmu 8 ningefika juu ya 9,000, na EL84 ingetoa wati chache zaidi za makelele kuliko za muziki. Spika za gari ni ohmu 4 nyingi, ndizo ninazotumia.

Jambo la pili ni mkondo. Usipitishe zaidi ya ule wa valvu ya asili. Transfoma iliyolelewa na ECL82 ya miliampea 35 usiipe EL84 ya 48. Itafanya kazi, ndiyo. Besi itapungua kwanza, na baada ya miezi utanisimulia habari ya moshi.

Rahisi kuliko vyote: kama redio ilikuwa na EL84 na transfoma ya umeme iko nzima, jenga amplifaya ya EL84 kwa vitu vyake vyenyewe. Redio nyingi za Ulaya zina kichagua volti nyuma. Kiweke kwenye 240 au 245, maana umeme wetu wa 230 hupanda usiku watu wakilala.

## Hatua ya 7: Kuifunga kwenye chasi

Transfoma ya sauti inasikia sumaku ya transfoma ya umeme, na itaimba muungurumo ambao hakuna kapasita inayouzuia. Usikisie mahali pake. Funga transfoma ya umeme peke yake, waya zake zote za kutolea umeme zikiwa zimezibwa tepu. Unganisha hedifoni kwenye sekondari ya transfoma ya sauti isiyofungwa popote. Washa umeme, sogeza na kuzungusha. Kuna pembe ambayo muungurumo unatoweka ghafla, mara nyingi koili mbili zikiwa zimepishana kwa nyuzi 90. Chora alama hapo, zima, toboa.

Chasi nzima iunganishe na ethi ya ukutani. Upande mmoja wa sekondari nao uunganishe na chasi, ili praimari ikivuja siku moja, umeme ukimbilie ardhini badala ya mkononi mwa mtoto anayegusa spika.

## Hatua ya 8: Kuwasha mara ya kwanza

Kwanza ujue kilichoua transfoma nyingi za aina hii: kapasita ndogo inayopeleka sauti kwenye gridi, yaani mlango wa sauti, ya valvu ya mwisho. Zile za karatasi za zamani huvuja, gridi inakuwa chanya, valvu inavuta mkondo mara mbili, na praimari inaungua. Vitu vingine vingi vya redio unaweza kuvitumia tena. Hiyo hapana. Weka mpya ya plastiki, volti 400 au 630.

Rezista ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) ya EL84 kwenye michoro ni ohmu 135. Mimi huweka 180. Napoteza nguvu kidogo, na transfoma ya miaka 60 inapumua.

Fuata mpangilio huu:

1. Unganisha ile rezista ya ohmu 4 au 8 kwenye sekondari. Amplifaya ya valvu haiwashwi bila mzigo. Sauti ikiingia bila spika, volti za praimari zinapanda hadi cheche inatoboa koili.
2. Hakikisha ile rezista ya kilo-ohmu 220 imeunganishwa sambamba na kapasita kubwa.
3. Weka balbu ya wati 60 kwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Washa. Iwake, kisha ififie. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, zima: kuna shoti.
4. Ondoa balbu, washa tena, mkono mmoja mfukoni. Subiri dakika moja.
5. Pima mguu wa 2 wa EL84 dhidi ya chasi. Iwe sifuri. Ikiwa hata volti 1 chanya, kapasita inavuja.
6. Pima mguu wa 3, yaani kathodi. Kwa rezista ya 180 tegemea volti 7 hadi 9. Ikizidi 10, zima.
7. Pima umeme mkubwa, kisha anodi, mguu wa 7. Anodi iwe chini kwa volti 15 hadi 25. Hiyo ndiyo kazi ya shaba ya praimari.

Anodi ikiwa haina volti wakati umeme mkubwa upo, zima mara moja. Praimari imekatika, na skrini ya valvu (gridi yake ya pili), mguu wa 9, inabeba mkondo wote. Utaiona ndani ya kioo ikiwa nyekundu kama mkaa. Valvu hiyo haina muda mrefu.

Ukizima, subiri dakika tatu, kisha pima kapasita kabla ya kuingiza kidole. Ulichosoma kwenye mita ndicho ukiamini, si saa.

## Hatua ya 9: Waya wa kurudisha sauti

Kama mchoro wako unarudisha sehemu ya sauti kutoka sekondari kwenda kathodi ya valvu ya kwanza, kuna nafasi nusu kwa nusu kwamba umeugeuza. Weka spika usiyoihurumia, sauti chini kabisa, gusisha waya. Sauti ikipungua kidogo na kusafika, ni sawa. Ikipiga yowe, zima na ubadilishane waya mbili za sekondari, ule wa chasi pia. Watu wameharibu siku nzima wakitafuta ubovu kwa yowe hili.

## Utajuaje imekubali

Usianze na muziki wa kisasa wenye besi ya kompyuta, utajidanganya. Mimi huweka rekodi ya ilimba ya Kigogo, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Vile vyuma vya chini vina mvumo na kamlio kake ka pembeni. Transfoma iliyojaa sumaku inaua mvumo na kuacha mlio tu. Transfoma nzuri inakupa vyote viwili, na unasikia kidole kikiacha chuma. Usitegemee mtetemo wa kifuani. Wati 4 kwenye chuma cha redio ni za chumba kimoja, ingawa jirani yangu wa Nkuhungu ana maoni yake.

Baada ya saa moja ya kucheza, zima, subiri, pima kapasita, kisha shika chuma cha transfoma ya sauti. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kushikilia hadi kuhesabu tano, mkondo ni mkubwa mno: ongeza rezista ya kathodi, rudia hatua ya 8.

Ikishatulia, andika kwa kalamu kwenye chuma chenyewe uwiano, ukinzani wa praimari na mkondo ulioipa. Yangu imeandikwa 34:1, 420, 45. Wiki ijayo pima tena hiyo 420.